Namvua Alivyoliacha Dungu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu. Ninyi mlioketi upande wa moshi fumbeni macho, masikio hayaumizwi na moshi. Nikiita mnaniitikia, nikiimba mnaimba nami, maana hadithi isiyoitikiwa hulala njiani. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizikuta zimeshazeeka, wakati ndege walisema na watu na watu hawakuona ajabu, palikuwa na kijiji kilichoitwa Kilalo. Kilikuwa tambarare, kwenye ardhi nyekundu. Mtama ulistawi mvua iliponyesha, ukakauka mvua ilipogoma. Na kaskazini, mbali sana, siku anga lilipokuwa safi, ulionekana mlima ulioitwa Kuga, umekaa kimya kama moshi uliosahau kupanda.

Kijijini humo aliishi mama mmoja mfinyanzi pamoja na binti yake. Binti alizaliwa siku mvua ilipouvunja ukame, wakamwita Namvua.

Namvua alipokuwa mdogo, mama yake alimchukua kwenda Kuga kubadilisha vyungu kwa ndizi. Huko juu mtoto akaona maji yanatembea. Si maji ya mtoni, hayo alikuwa akiyajua. Haya yalitolewa kwenye kijito msituni, yakaongozwa ubavuni mwa mlima, yakazunguka jabali, yakapita juu ya genge ndani ya magogo yaliyochongwa kama mitumbwi mirefu, kisha yakashuka polepole mpaka kwenye migomba ya watu. Chini ya yale magogo palikuwa na mawingu.

"Mama," akauliza, "nani anayaambia maji yapite pale?"

"Mafundi wa mifereji."

"Na mimi nitayaambia."

Mama akacheka, akamtwika kichane cha ndizi, wakashuka.

Watoto wengi husema jambo leo, kesho wakalisahau. Namvua hakusahau. Masika yalipokuja alichimba vijifereji nyuma ya nyumba, akayapitisha maji ya mvua huku na huku, akayazungusha kwenye mawe, akayafikisha kwenye mchicha wa mama yake. Waliopita walisema, "Namvua anachezea matope." Akakua, akarefuka, akavunja ungo, na bado akachezea matope.

Basi mwaka mmoja, mtama ukiwa umeanza kutoa mashuke, Hondohondo aliruka kutoka Kuga akatua juu ya mti kisimani. Mnamjua Hondohondo, mdomo wake mkubwa kuliko shughuli zake. Akakohoa, akasema, "Wanakilalo, nimetumwa. Bibi Nakiete, fundi mkuu wa mifereji ya Kuga, magoti yake yamechoka. Anatafuta mtu wa kumfundisha kazi. Hachagui mwenyeji wala mgeni. Ila aje kabla ya mvua za vuli, kwa kuwa mifereji husafishwa kabla ya mvua. Nimesema."

Wanawake waliokuwa wakichota maji wakamsikia kama mtu anavyosikia upepo. Mmoja tu aliacha mtungi wake ukafurika. Huyo alikuwa Namvua.

Akajitwika, akaenda mbio nyumbani kumwambia mama yake, maji yakimwagika mabegani. Lakini alipofika uani alimkuta Jumbe Mtoi amesimama mlangoni, na mama yake anatabasamu mpaka gego linaonekana.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, binti. Umekuja wakati mzuri. Nimejenga dungu jipya kwenye shamba langu, hapo tu, ukipiga mluzi mama yako anakusikia. Nataka uwe mwamiaji wangu. Utakaa juu kivulini, utafukuza ndege, utapewa uji asubuhi na ugali mchana, na jioni utalala kwenu. Mavuno yakiisha utalinda ghala. Mtama ukipandwa tena, utaamia tena. Ni kazi ya maisha hiyo."

Mama akasema, "Mwanangu, Mungu ametukumbuka."

Namvua alilitazama lile tabasamu. Akafungua kinywa aseme habari za Hondohondo, na kinywa kikasema, "Ahsante, Jumbe, nitakuja." Alisema hivyo kwa sababu Jumbe alikuwa amesimama mlangoni, na mlima ulikuwa mbali.

Basi Namvua akapanda dungu.

Na msidhani ilikuwa kazi mbaya. Nisije nikamsingizia Jumbe Mtoi. Dungu lilikuwa refu na imara, limeezekwa kwa makuti mapya, na upepo ulipita chini ya sakafu yake ukampuliza Namvua nyayo. Uji ulikuja ukiwa moto, umetiwa maziwa. Mama alikuwa akimpungia mkono kutoka kwenye tanuri la vyungu. Namvua alikuwa na kombeo na kokoto, na wimbo wake ulisikika shamba zima. Uimbeni nami:

*Swee, ndege, swee,*
*mtama una mwenyewe,*
*inuka, ruka, wewe,*
*ukale kwenu, swee.*

Siku za mwanzo aliimba vizuri. Baadaye macho yake yakaanza kwenda kaskazini. Wimbo ukaendelea, mkono ukaendelea kurusha kokoto, na macho yakabaki Kuga. Alikuwa akijiuliza: maji yale yanapofika kwenye jabali, yanapandaje? Au hayapandi, ni macho yangu ya utotoni yalidanganyika?

Siku moja shangazi yake, Mkunde, alimletea ugali. Namvua akamweleza habari za Bibi Nakiete. Shangazi akaketi kwenye ngazi akasema, "Mwanangu, una kazi mlangoni kwenu, wataka nini huko kwenye baridi? Karibu kuna uji, mbali kuna umande. Kaa, Namvua, kaa."

Namvua akarusha kokoto.

Siku nyingine beberu wa Jumbe alikuja kujikuna kwenye mguu wa dungu. Namvua akamwambia na yeye, maana mwenye neno moyoni humwambia hata mbuzi. Beberu akatafuna, akameza, akatafuna tena. "Mimi nimefungwa kamba ndefu," akasema, "na sijawahi kufika mwisho wake. Nifike ili iweje? Karibu kuna uji, mbali kuna umande. Kaa, Namvua, kaa."

Namvua akarusha kokoto.

Kisha akaja Kwelea, yule mkubwa wao mwenye mdomo mwekundu, akatua kwenye ukingo wa dungu bila hofu yoyote. Tumbo lake lilikuwa limejaa hata miguu haikuonekana.

"Tumesikia unataka kuondoka," akasema. "Kabila lote limesikitika. Karibu kuna uji, mbali kuna umande. Kaa, Namvua, kaa. Tunakupenda sana."

Namvua akageuza uso. "Ndege anampenda mwamiaji tangu lini?"

"Tangu uje wewe. Yule wa zamani alikuwa mkali kama pilipili. Alikuwa hapa asubuhi mpaka jioni, hatukupata hata punje. Lakini wewe upo na hupo. Mwili wako unaimba, na sisi tunajua mwenyewe umekwenda. Tunakula kwa amani. Usiondoke, tafadhali."

Akaruka zake, mzito kama jiwe lenye mabawa.

Namvua alishuka dungu. Tangu aanze kazi hakuwa ameuzunguka mtama kwa miguu. Upande wa kaskazini, alikokuwa akitazama, mashuke yalikuwa yameinama kwa uzito. Akazunguka. Upande wa kusini, mgongo wake ulikokuwa, mashuke yalisimama wima, mepesi, matupu, safu baada ya safu. Akashika shuke moja, likakatika mkononi kama jani kavu. Uso ukamwaka moto kwa aibu. Alikuwa amekula uji wa mtu na kuwalisha ndege mtama wake.

Hakungoja jioni. Alikwenda kwa Jumbe akapiga magoti.

"Jumbe, njoo uone shamba lako. Nusu nimeilinda, nusu nimeila."

Jumbe akaenda, akaona. Alikuwa mtu mzima, na hasira yake ilikuwa ya watu wazima, ile isiyopiga kelele. "Ulilala?"

"Sikulala. Nilikuwa natazama mlima." Akamweleza yote, habari za Hondohondo, za Bibi Nakiete, na za maji yanayotembea juu ya mawingu. "Nilikukubalia kwa mdomo, Jumbe. Hukunilazimisha. Nikikaa nitakuharibia na mwaka ujao."

Jumbe akang'oa shuke tupu akalizungusha vidoleni. "Ungeniambia siku ile mlangoni, ningekasirika kidogo tu. Sasa nimekasirika sana. Na bado kuna upande wa kaskazini. Nani ataulinda?"

"Sefue."

Sefue alikuwa kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwa akina Namvua. Mguu wake mmoja ulipinda tangu kuzaliwa, alichechemea, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwita kazini. Kila mtu alimpa pole mahali pa kumpa jembe. Lakini kokoto yake haikukosa shabaha, na kila siku alikuwa akija kukaa chini ya dungu, akitazama juu.

Wakamwita. Jumbe akamuuliza, "Kijana, unaweza kazi ya kuamia?"

Sefue akatazama chini. "Jumbe, tangu utotoni natamani kukaa huko juu. Chini watu wananitazama nikitembea. Huko juu nitakuwa mimi ninayetazama."

Hakusema zaidi. Akapanda ngazi kwa mikono, mguu ukimfuata nyuma, akaketi. Kwelea mkubwa alikuwa akishuka kwenye mashuke na jamaa zake. Sefue akazungusha kombeo, kokoto ikapita karibu na manyoya ya mkia wa Kwelea, ikayachana. Kabila zima likainuka kama vumbi, likahamia mashamba mengine. Jumbe Mtoi akatazama lile wingu la ndege likienda, akamtazama Sefue, akamtazama Namvua.

"Nenda zako, binti," akasema. "Umenitia hasara, kisha umenipa mwamiaji. Bado sijajua nikushukuru au nikulaumu. Nenda kabla sijajua."

Ikabaki kwa mama, na hapo ndipo miguu ya Namvua ilipokuwa mizito.

Alimkuta akifinyanga chungu. Akaketi, akasema yote. Mama hakuinua macho. Mikono yake iliendelea kuzunguka, ikaukunja mdomo wa chungu, ikaulainisha.

"Mama, nifanye nini?"

"Ukiniuliza mimi," mama akasema, "nitakwambia ukae. Kwa hiyo usiniulize."

"Nani atakuchotea udongo?"

"Nilichota udongo kabla hujazaliwa. Mimi sitakufa kwa udongo." Akakiweka chungu juani. "Nitakufa kwa kunyamaza. Nyumba itakuwa kimya. Hilo nakuambia ili ulijue, siyo ili ulibebe."

Namvua akalia. Mama akamwacha alie, kisha akaenda kumpikia ugali wa safari, akamfungia na chumvi kwenye jani la mgomba.

Asubuhi Namvua akashika njia ya kaskazini.

Akatembea. Akakutana na Nungunungu akitoka kuchimbua mihogo ya watu. "Binti, waenda wapi?" "Nakwenda Kuga, maji yanakotembea." Nungunungu akatikisa miiba, akampisha.

Akatembea. Akakutana na mbweha amelala katikati ya njia. "Binti, waenda wapi?" "Nakwenda Kuga, maji yanakotembea." Mbweha akapiga miayo, akampisha.

Akatembea, na njia ikaanza kupanda. Akakutana na ukungu. Nao ukungu ukauliza, kwa sauti isiyo na mdomo, "Binti, waenda wapi?" "Nakwenda Kuga, maji yanakotembea." Ukungu ukasema, "Basi umefika," ukafunguka, na mbele yake akaona nyumba ya nyasi, na mlangoni kikongwe mwenye magoti yaliyofungwa vitambaa.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kujifunza mifereji."

Bibi Nakiete alimtazama miguu kabla ya uso. "Una miguu ya tambarare."

"Itajifunza, bibi."

"Mvua inakaribia. Shika kikapu."

Basi, wanangu, hiyo ndiyo ilikuwa karibu yake. Hakupewa maji. Hakupelekwa gengeni. Alipewa kikapu akaambiwa atoe matope yaliyojaa mferejini, na alipomaliza kipande kimoja akaonyeshwa kingine. Kazi aliyoiota tangu utotoni ilinuka majani yaliyooza. Alfajiri nyasi zilimlowanisha mpaka kiunoni, vidole vikafa ganzi. Ndipo akamkumbuka shangazi yake, na beberu, na Kwelea. Mbali kuna umande. Hawakumdanganya hata kidogo.

Na kila alipoyatazama yale magogo juu ya genge, Bibi Nakiete alisema, "Bado."

Palikuwa na mahali, kabla ya mfereji kulifikia jabali, ambapo ukingo ulikuwa umetobolewa. Maji yalitoroka pale, yakapotea msituni, na migomba ya bondeni ikapata nusu. Bibi akamwambia, "Ziba."

Namvua akaziba kwa udongo. Asubuhi tundu likawa wazi.

Akaziba kwa udongo na nyasi. Asubuhi tundu likawa wazi.

Akaziba kwa udongo na nyasi na jiwe. Asubuhi tundu likawa wazi, na jiwe limesukumwa pembeni kwa adabu, kama mtu anavyosogeza kigoda cha mgeni.

Hapo Namvua akachoka. Akaketi chini, miguu mferejini, akasema kwa sauti ya kawaida, "Wewe uliye ndani, nimekukosea nini?"

Maji yakatikisika tunduni. Kisha likatoka gando, likafuatiwa na gando lingine, kisha macho mawili juu ya vijiti vyake.

"Mimi ni Kaa," akasema.

Namvua, ingawa alikuwa na baridi na njaa, akacheka. "Kwetu wote waliniambia kaa, kaa, kaa. Nimekimbia mpaka huku, na huku namkuta Kaa mwenyewe."

"Sijui habari za kwenu," Kaa akasema. "Najua za kwangu. Mama yangu aliishi hapa, na mama yake, kabla mtu hajaleta jembe mlimani. Mkachimba mfereji mkaupitisha mlangoni kwetu. Sawa, maji ni mazuri. Lakini kila siku mnanizibia mlango. Nami kila usiku nafungua. Ungekuwa wewe, ungelala ndani ya nyumba iliyozibwa?"

"Nisingelala."

"Basi."

Namvua akatafakari. Akakumbuka vijifereji vya nyuma ya nyumba, jinsi maji yalivyotulia yakikuta shimo lenye ukingo wa mawe, yakijaa kwanza ndipo yaendelee. "Nikikuchimbia kidimbwi hapa pembeni," akamwambia Kaa, "maji yaingie na kutulia, na mlango wako ufunguke humo, nawe usitoboe ukingo tena?"

"Kiwe na kivuli," Kaa akasema.

"Kitakuwa na kivuli."

"Na kokoto laini chini. Mke wangu ana miguu myepesi."

Akachimba. Akapanga mawe, akasiliba kwa udongo, akapandikiza majani ya mto. Maji yakaingia kidimbwini, yakazunguka, yakajaa, yakaendelea na safari yao bila kupungua. Kaa akaingia akakagua kila pembe, akarudi nyuma nyuma, akasema, "Panafaa."

Bibi Nakiete alikuja akiegemea fimbo. Akachungulia kidimbwi kwa muda mrefu.

"Mimi ningempika," akasema.

"Najua, bibi."

"Nimempika baba yake, na babu yake. Na kila mwaka tundu lilirudi." Akazunguka ukingo, akaugonga kwa fimbo, ulikuwa mgumu. Mvua za kwanza za vuli zikaja usiku ule, mfereji ukajaa, na asubuhi tundu halikuwepo. Bibi Nakiete akaufungua mlango wa nyumba yake akasema neno moja tu. "Twende."

Wakapanda mpaka gengeni.

Yale magogo yalikuwa membamba kuliko alivyoyakumbuka, na mawingu yalikuwa chini zaidi. Pembeni palikuwa na njia ya kukanyaga isiyozidi upana wa mkeka uliokunjwa. Namvua akashika gogo. Alitamani kurudi, na hili asifiche mtu, hata mwenye ndoto huiogopa akiifikia. Bibi Nakiete alikaa chini, magoti yake hayakumruhusu kuendelea.

"Magogo yameota ukoga," akasema. "Yasugue mpaka ng'ambo. Mkono mmoja ndani ya maji. Maji yatakuambia yanakoelekea, wewe usiyaharakishe."

Namvua akatia mkono. Maji yalikuwa baridi, yakamsukuma kiganja taratibu, kama mtoto anayemvuta mtu mzima kidole amwonyeshe kitu. Akapiga hatua. Akasugua, akasogea. Alipofika katikati aliona jibu la jambo alilojiuliza tangu akiwa dunguni, kwamba maji hayapandi jabali hata kidogo. Yanashuka, yanashuka daima, ila kidogo sana, kiasi cha unene wa ukucha, hata mtazamaji wa mbali akadhani yanapanda. Akacheka peke yake juu ya mawingu. Aliposugua gogo la mwisho na kufika ng'ambo, hakuona jua lilivyosogea. Macho yake siku ile hayakutazama kaskazini wala kusini. Yalikuwa pale pale, kwenye mikono yake.

Basi Namvua akawa fundi wa mifereji. Alifundishwa kuchonga gogo, kugawa zamu za maji, kusuluhisha wenye migomba waliogombana. Salamu alizituma kwa Hondohondo, na Hondohondo, kwa vile alivyo, alizisoma kisimani mbele ya kijiji kizima: "Namvua anasema ana baridi lakini hajambo. Anasema atamsahau vipi mama, hajamsahau. Nimesema."

Lakini ukae mbali, usikae mbali, mambo hayakungoji. Mwaka uliofuata Hondohondo alirudi kutoka Kilalo akiwa na mdomo mzito. Mama yake Namvua alikuwa ameshikwa na homa, akalala kitandani, majirani wakamuuguza, Sefue akimpelekea maji kwa kujikongoja. "Amepona," Hondohondo akasema. "Aliyenituma ni yeye mwenyewe, na alikuwa amesimama."

Amepona, na Namvua hakuwapo. Aliketi ukingoni mwa mfereji akalia, na hapakuwa na neno la kumtuliza, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa kweli. Bibi Nakiete hakujaribu. Alisema tu, "Kiangazi hiki maji ni machache, nitayaweza. Nenda ukamwone mama."

Namvua akashuka mlima kwa haraka. Akavuka msitu, akapita kwa mbweha, na alipofika kwenye mto unaotenga mlima na tambarare, akaona ng'ambo mwanamke anavua viatu vya ngozi avuke, kichwani ana vyungu vimefungwa kwa kamba ya mkonge. Mwanamke alikuwa amekonda. Kwa alivyosimama tu, Namvua angemjua hata gizani.

"Mama, waenda wapi?"

"Nakwenda kwako. Na wewe?"

"Nakuja kwako."

Wakasimama kila mmoja ukingo wake wakitazamana, kisha wakaanza kucheka, na vyungu vikagongana kichwani mwa mama mpaka akavishika. Namvua akavuka, akampokea mzigo.

"Sasa twende wapi?" akauliza. "Umetoka kuugua, mama. Turudi nyumbani, ni karibu."

Mama akatazama nyuma, akatazama mbele. "Huko chini napajua," akasema. "Twende juu."

Wakapanda polepole, wakipumzika kila palipo na jiwe. Mama alilalamika juu ya baridi, akalalamika juu ya utelezi, akalalamika kwamba ndizi za Kuga siku hizi ni ndogo. Alimsalimu Bibi Nakiete, na wale wawili wakaanza kushindana mara moja nani ana magoti mabaya zaidi. Alimsalimu Kaa, ambaye alitoka na watoto wake mgongoni. Kisha Namvua akampeleka gengeni, akamkalisha mahali salama, akatembea juu ya ile njia nyembamba akisafisha majani, mkono mmoja ndani ya maji, wimbo ukimtoka taratibu. Mama akatazama, mikono kifuani.

Namvua alirudi na maji katika kibuyu. Mama akanywa, akanywa tena.

"Mwanangu," akasema, "tangu uondoke, kila nilipokuwaza nilikuwa naona mlima tu, na wewe nisijue nikuweke wapi. Nikilala nakutafuta. Sasa nitakuwa nakuona pale." Akaelekeza kidole kwenye magogo, katikati kabisa. "Pale, na mkono wako majini. Hapo nitalala."

Alikaa mpaka mavuno ya maharage yakaisha, kisha akasema nyumba yake inamngoja na tanuri limepoa. Namvua alimsindikiza mpaka mtoni. Mama akavuka, akajitwika mkungu wa ndizi, akaenda zake tambarare bila kugeuka nyuma, akiimba kwa sauti ndogo. Namvua akasimama mpaka asimwone tena, akachuma jani, akapangusa uso. Kisha akapanda, kwa kuwa ilikuwa zamu ya watu wa bondeni, na maji yalikuwa yanangoja kufunguliwa.

Hapa ndipo ninapoitua hadithi yangu, mzigo umefika na kichwa kimepona. Ukiwa na utamu, gawaneni. Ukiwa na uchungu, niachieni mimi niliyeupika. Chocheeni moto.